Maswali ya Wasomaji: Rada ya Kupenya Ardhi Huona Nini Hasa?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi wanaakiolojia wanavyotumia rada ya kupenya ardhi kutafuta mabaki ya kale kabla ya kuchimba. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zilibeba dhana moja: kwamba mashine hii ni jicho, na kwamba mtu akiisukuma juu ya ardhi huona vilivyomo humo kama anavyoona samaki ndani ya maji maangavu. Nimechagua barua saba ambazo, kila moja kwa njia yake, zinatupa nafasi ya kuirekebisha dhana hiyo.

Wanafunzi wangu waliniuliza kama rada hupiga picha ya ardhi kama eksirei inavyopiga picha ya mwili. Niliwajibu kuwa ndivyo, kisha nikaondoka darasani na wasiwasi. Je, nilikosea?
*Mwalimu wa historia, Kilwa Masoko*

Ulikosea kidogo tu, Mwalimu, lakini tofauti iliyopo ina uzito. Miale ya eksirei huingia upande mmoja wa mwili na kutokea upande wa pili, ambako kuna kitu kinachoipokea. Rada ya ardhini haina upande wa pili, kwa sababu hakuna awezaye kuweka kipokezi chini ya msingi wa msikiti. Hutuma na kupokea ikiwa juu ya ardhi. Mfano ulio karibu nasi ni mtu anayepiga ukelele mbele ya jabali na kusikiliza mwangwi, au, kwa watoto wa Kilwa, ile mashine ambayo baadhi ya wavuvi huifunga kwenye boti ili kujua kina cha maji na mahali lilipo kundi la samaki, ingawa hiyo hutumia sauti na rada hutumia mawimbi ya redio.

Antena hukaa ndani ya sanduku linaloburutwa chini au kusukumwa kwenye kigari chenye gurudumu la kupimia umbali. Hutuma ardhini pigo fupi mno la mawimbi, na mawimbi hayo yakikutana na mpaka kati ya vitu viwili vyenye tabia tofauti za kiumeme, kwa mfano mchanga mkavu na sakafu ya chokaa, sehemu yake hurudi juu na iliyobaki huendelea kushuka. Mashine hupima muda uliopita kati ya kutuma na kupokea, na muda huo huhesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hewani mawimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Katika udongo mwingi wa kawaida hupungua hadi kama sentimita 10. Katika maji hubaki kidogo zaidi ya sentimita 3. Kwa hiyo mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 20, katika udongo ambao kasi yake ni sentimita 10, umetoka kina cha mita moja na wala si mbili, kwa kuwa wimbi limekwenda na kurudi. Hesabu hiyo wanafunzi wako wanaiweza, na ningependekeza uwape waifanye ubaoni.

Ukishaielewa hesabu hiyo utaona kwamba mashine haipimi ukuta wala kaburi. Hupima mahali ambapo kitu kimoja kinakoma na kingine kinaanza. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliofukiwa na kifusi cha mawe yale yale unaweza kupitwa juu na antena bila kuacha alama inayoeleweka, ilhali mzizi wa mwembe au tundu la kaa likatoa alama safi ya kumvutia yeyote. Tena alama hazifanani na vitu vilivyozitoa. Jiwe moja huonekana kwenye skrini kama tao, kwa sababu mawimbi ya antena hutawanyika mbele na nyuma: antena hulisikia jiwe kabla haijalifikia, mwangwi ukichukua njia ndefu zaidi, na huendelea kulisikia ikiwa imekwisha kulipita. Mabawa ya tao hilo yana manufaa, maana kutokana na mwinamo wake mtaalamu hukadiria kasi ya mawimbi katika udongo wa mahali pale, na bila kujua kasi, kina hubaki cha kukisia.

Picha zinazochapishwa magazetini, zenye vyumba na barabara kama ramani, hupatikana baadaye. Mistari mingi iliyopitishwa sambamba, aghalabu kwa nafasi ya sentimita 50 au 25, hukusanywa na kompyuta kuwa bonge moja la vipimo, kisha bonge hilo hupasuliwa kwa ulalo, ubao baada ya ubao, kama gogo linavyopasuliwa na wapasua mbao. Kila ubao unaonyesha kina fulani, na hata rangi zake zimechaguliwa na mtu aliyekaa mezani.

Ardhi yetu ni mchanga, chini yake kuna mwamba wa matumbawe, na bahari haiko mbali. Rada ingefaa huku? Na inafika kina gani?
*Msomaji, Lamu*

Ndugu msomaji, katika sentensi moja umetaja rafiki wawili wa rada na adui wake mkubwa. Mchanga mkavu ni miongoni mwa ardhi zinazoipendeza rada kuliko zote, na mwamba wa matumbawe uliokauka nao hauizuii sana. Adui ni chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na ardhi inayopitisha umeme huinyonya nguvu ya mawimbi na kuigeuza joto, hata pasibaki mwangwi wa kurudi juu. Pale ambapo maji ya chini yana chumvi, ule usawa wa maji ndio mwisho wa safari, hata mashine iwe ya thamani gani. Udongo wa mfinyanzi nao hufanya vivyo hivyo: kwenye mbuga za udongo mweusi kule bara, nusu mita ya kwanza huweza kumaliza kila kitu.

Kina hutegemea pia masafa ya antena, yaani mawimbi yake hutetema mara ngapi kwa sekunde (megahezi moja ni mara milioni moja), na hapa hakuna njia ya kupata kina na uangavu vyote viwili. Antena ya megahezi 400, inayopendwa na wengi katika akiolojia, hufika takriban mita mbili ardhi ikiwa nzuri. Ya megahezi 200 hushuka zaidi lakini huona kwa ukungu, na ya 900 huona vitu vidogo ila haivuki sana mita moja. Sababu ni urefu wa wimbi: kwa megahezi 400, katika udongo wenye kasi ya sentimita 10, wimbi moja lina urefu wa sentimita 25, na kitu kidogo sana kikilinganishwa na urefu huo hupita bila kusikika.

Mfano wa jambo hili uko jirani nanyi. Huko Shanga, kisiwani Pate, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, chini ya msikiti wa ijumaa wa mawe yalipatikana mabaki ya misikiti ya awali iliyojengwa kwa miti, mmoja juu ya mwingine, mingine ya karne ya 8. Kuta na sakafu za ule wa mawe ni shabaha ambayo rada ingeweza kuipata. Lakini misikiti ya miti ilijulikana kwa mashimo ya nguzo, yaani doa la udongo wa rangi tofauti lenye upana wa kiganja au viwili, tena chini ya matabaka mengine. Mashimo hayo yalipatikana kwa mwiko na subira, na naamini yangemponyoka mwenye rada.

Msimu nao una neno lake. Mchanga mkavu huweza kupitisha mawimbi kwa sentimita 15 kila nanosekunde, na mchanga uliolowa kabisa kwa sentimita 6. Mwangwi wa nanosekunde 20 utakuwa umetoka mita moja na nusu wakati wa kiangazi, lakini baada ya mvua za masika mwangwi wenye muda uo huo umetoka sentimita 60 tu. Mtu akitumia kasi ya kiangazi kusoma vipimo vya masika, atawaambia wachimbaji wachimbe mara mbili na nusu ya kina kinachohitajika.

Nilisoma kwamba mji mzima wa Warumi ulichorwa ramani bila kupigwa jembe hata moja. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini Kilwa na miji mingine ya Waswahili haijafanyiwa hivyo?
*Msomaji, Nairobi*

Ni kweli. Mji huo ni Falerii Novi, kama kilomita 50 kaskazini ya Roma, ulioanzishwa mwaka 241 KK na kuhamwa mwanzoni mwa zama za kati. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Ghent waliuchunguza wote, hekta 30.5 zilizomo ndani ya kuta zake, na kutoa matokeo mwaka 2020. Hawakusukuma kigari kwa mikono. Safu ya antena ilikokotwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, na kipimo kilichukuliwa kila baada ya sentimita 12.5. Zilionekana nyumba, maduka, soko, hekalu, bafu la umma, na mnara wa kumbukumbu wa aina isiyo ya kawaida karibu na lango la kaskazini. Yalionekana pia mabomba ya maji yaliyopita chini ya mitaa ya nyumba na si kando ya barabara peke yake, jambo linaloashiria kwamba mfumo wa maji ulipangwa kabla ya nyumba kujengwa.

Lakini soma na upande ambao magazeti huuruka. Watafiti walisema kwamba kutafsiri na kuchora yaliyoonekana katika hekta moja tu humchukua mtu takriban saa 20. Zidisha kwa hekta 30.5 na utapata saa 610, yaani siku 76 za kazi za saa nane, mtu akikaa mbele ya skrini na kuamua: huu ni ukuta, hii ni sakafu, hili silielewi. Pikipiki ilikuwa sehemu rahisi.

Falerii Novi ilikuwa na bahati tatu. Baada ya kuhamwa, mji mwingine haukujengwa juu yake, kwa hiyo sehemu kubwa ni shamba tupu. Mabaki yake hayako mbali na uso wa ardhi. Na Warumi walijenga kwa mawe, kwa mistari iliyonyooka. Kilwa Kisiwani ina minazi, migomba, vichaka, na nyumba za watu wanaoishi humo hadi leo. Pikipiki yenye antena kumi na kitu haina pa kupita, na kigari chenyewe husimama kila baada ya hatua chache.

Hilo hata hivyo silo linalonisumbua zaidi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti na kuezekwa kwa majani. Wasomi wamebishana sana juu ya maneno hayo, kwa sababu sisi tunaijua Kilwa kwa msikiti wake mkuu na kwa jumba la Husuni Kubwa, majengo ya mawe na chokaa. Ila jambo moja halina ubishi: katika miji mingi ya pwani watu wengi waliishi katika nyumba za udongo na fito, na kwa miongo mingi wachimbaji walifuata kuta za mawe kwa kuwa ndizo zilizoonekana. Rada ikija leo na kuchora mawe kwa usahihi mkubwa, huku ukuta wa udongo ulioporomoka ukirudi kuwa udongo na kukosa mpaka wowote wa kurudisha mwangwi, tutakuwa tumelirudia kosa la zamani kwa mashine mpya, na safari hii litaonekana kama ushahidi wa kisayansi.

Ndiyo maana nilifurahia njia iliyofuatwa huko Songo Mnara, jirani ya Kilwa, katika mradi ulioongozwa na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones. Maeneo ya wazi katikati ya mji, ambayo mpita njia angesema ni viwanja vitupu, yalipimwa kwa vyombo vya usumaku na vya sumakuumeme. Vyombo vya usumaku havitafuti mipaka ya mawe. Huhisi mabadiliko ambayo moto na shughuli za binadamu huyaacha katika madini ya chuma yaliyomo udongoni. Meko, udongo wa ukuta uliopata moto na mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha chuma, huacha alama kubwa. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba maeneo hayo hayakuwa matupu hata kidogo, na kwamba nyumba za udongo zilikuwamo. Unguja Ukuu nako vipimo vya usumaku vimetumika kwa nia hiyo hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba miji yetu imeanza kupimwa, na kwamba waliochagua chombo kingine badala ya rada, au pamoja nayo, mara nyingi wamekuwa na sababu nzuri.

Wataalamu walisema kuna vyumba vya siri katika kaburi la Tutankhamun, halafu wataalamu wengine wakasema havipo. Tumwamini nani, kama mashine ni ile ile?
*Msomaji, Dodoma*

Mashine hutoa vipimo, na kauli juu ya vyumba hutolewa na wanadamu. Mwaka 2015 mwanaakiolojia Nicholas Reeves alitoa hoja kwamba nyuma ya kuta zilizopakwa michoro katika kaburi hilo la mfalme wa kale wa Misri kulikuwa na milango iliyozibwa, na Mjapani Hirokatsu Watanabe, baada ya kupima kwa rada mwaka huo huo, alisema aliona dalili za nafasi tupu. Vipimo vya pili vya mwaka 2016 havikuthibitisha. Timu ya tatu, ya chuo kikuu cha ufundi cha Torino chini ya Francesco Porcelli, ilitumia antena za masafa mbalimbali, na mwaka 2018 ilitangaza kwamba nyuma ya kuta hizo hakuna vyumba. Mimi naiegemea timu ya tatu, kwa sababu ilipima jambo lile lile kwa masafa yanayotofautiana na kulinganisha. Alama ya kweli inapaswa kubaki mahali pake unapobadilisha antena, ilhali mwangwi wa uongo, kama ule unaorukia kwenye ukuta wa jirani kupitia hewani, mara nyingi husogea au kutoweka.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, kilitokea Durrington Walls, kama kilomita tatu kutoka Stonehenge, lile duara maarufu la mawe makubwa ya kale huko Uingereza. Septemba 2015 ilitangazwa kwamba rada imegundua chini ya tuta la kale safu ya mawe makubwa yaliyolazwa, yakikadiriwa kufika 90. Dunia nzima iliandika. Majira ya joto ya mwaka uliofuata shimo lilichimbwa, na mawe hayakuwapo. Kulikuwa na mashimo makubwa yaliyowahi kusimikwa nguzo za miti. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa na mashimo kujazwa kifusi cha chaki, mwamba mweupe na laini wa huko. Angalia vizuri: rada haikudanganya. Ilisema kwamba hapa, na hapa, na hapa, kuna kitu tofauti na udongo wa pembeni, na hilo lilikuwa sahihi kabisa. Neno «mawe» waliliongeza watu, nao walikuwa miongoni mwa mabingwa wa fani.

Nami sijasalimika. Katika kazi moja nilikoshiriki miaka iliyopita, tulipata mstari mnyoofu wa kupendeza, kina chake chini kidogo ya mita moja, ukielekea moja kwa moja kwenye gofu. Tuliuita ukuta wa ua kwa siku mbili. Siku ya tatu mzee aliyekuwa akitupikia chai aliuliza kwa nini tunapiga kamba juu ya bomba la maji ambalo yeye mwenyewe alilichimbia mtaro akiwa kijana.

Kuna jamaa anauza mashine anayoiita rada ya dhahabu. Anasema inaonyesha dhahabu kwa rangi ya njano kwenye simu, na huku kwetu kuna boma la Mjerumani ambako inaaminika waliacha mali wakati wa vita. Inafaa kuinunua?
*Msomaji, Tabora*

Usinunue. Rada haijui dhahabu. Metali yoyote hurudisha karibu nguvu yote ya wimbi, kwa hiyo bati, debe bovu, sufuria ya bibi na sanduku la rupia vyote hutoa mwangwi mkali ulio sawa, na rupia moja moja ni ndogo mno kuweza kusikika katika kina cha maana. Kuhusu ile rangi ya njano, kumbuka nilichomwambia Mwalimu wa Kilwa: rangi huchaguliwa na aliyetengeneza programu. Huyo jamaa angeweza kuichagua ya zambarau.

Kuna jambo la pili, zito kuliko fedha zako. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, na mwenye mashine hatakuwepo utakapoulizwa. Hata kama usingekamatwa, shimo lililochimbwa usiku kwa sululu huchanganya matabaka ambayo ndiyo yanayomwambia mwanaakiolojia kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na yakishachanganyika hayapangiki tena.

Shikamoo mwandishi. Nasoma mwaka wa pili, akiolojia, na ningependa kubobea katika rada. Nianzie wapi wakati chuo hakina mashine?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Mashine mpya ya kitaalamu huzidi dola 10,000 za Marekani, kwa hiyo usiingoje. Anzia kwenye fizikia ya mawimbi na kwenye sayansi ya udongo, ambavyo havihitaji mashine. Kisha watafute wahandisi wanaotafuta mabomba na nyaya chini ya barabara: hutumia rada hii hii, na hukutana na jibu la kila alama wanapofukua, nafasi ambayo mwanaakiolojia huipata kwa nadra. Ukikaa nao hata wiki moja ukilinganisha kilichoonekana kwenye skrini na kilichotoka shimoni, utakuwa na jicho ambalo mhadhara haukupi.

Assalaam aleikum. Msikiti wetu umekuwa mdogo na tunataka kuupanua upande wa kusini, lakini wazee wanasema huko palizikwa watu zamani na mashahidi ya makaburi, yaani alama zilizosimikwa juu yake, hayaonekani tena. Rada inaweza kutuambia makaburi yako wapi bila kuyagusa?
*Katibu wa kamati ya msikiti, Tanga*

Waalaykumu salaam, Ndugu Katibu. Inaweza kuwasaidia, ila si kwa kuwaonyesha mifupa. Mifupa ni myembamba, haitofautiani vya kutosha na udongo unaoizunguka, na sanda huoza. Kinachotafutwa ni kaburi lenyewe kama shimo: kingo zake zilizokata matabaka ya asili, udongo wake uliochanganyika na kulegea, na mwanandani, yaani sehemu ya ndani anamolazwa maiti. Pale ambapo mwanandani bado una uwazi kwa sababu mbao au mawe yaliyoufunika hayajaanguka, mwangwi huwa mkali, maana hewa na udongo hutofautiana sana. Kwa makaburi ya zamani, uwazi huo aghalabu umekwisha kujaa, na alama huwa hafifu. Tatizo kubwa zaidi ni mchanga mtupu. Mahali ambapo ardhi haina matabaka, shimo lililochimbwa kwenye mchanga na kufukiwa kwa mchanga ule ule huweza lisiache mpaka wowote.

Mila ya mazishi inatusaidia hapa kuliko mashine. Kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, na kwa kuwa maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kaburi hulala kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa hiyo mistari ya rada ipitishwe kutoka kusini kwenda kaskazini, ili ilikate kaburi kwa upana, na nafasi kati ya mstari na mstari isizidi sentimita 25. Kaburi la mtu mzima lenye urefu wa kama mita mbili litaonekana katika mistari saba au minane mfululizo kisha litatoweka, na la mtoto katika mitatu au minne. Alama inayoendelea katika mistari thelathini ni bomba au msingi, na inayopinda na kugawanyika ni mzizi. Fundi atakayewaambia mistari ya mita moja inatosha, mshukuruni kisha mtafute mwingine, kwa sababu kaburi la mtoto laweza kukaa lote kati ya mistari yake miwili.

Jambo ambalo kamati inapaswa kulijua kabla ya kulipa ni kwamba majibu hayalingani kwa uzito. Alama kadhaa zenye urefu wa mtu, zote zikiwa zimelala mashariki kwa magharibi na kwa safu, ni sababu ya kutosha kusogeza msingi. Lakini kutoona alama si cheti cha kwamba ardhi ni tupu, hasa kwenye mchanga, na mtaalamu anayewapa cheti hicho anawapa kitu asichokuwa nacho. Iwapo ushuhuda wa wazee ni thabiti na rada ikawa kimya, mimi ningeufuata ushuhuda wa wazee. Hukumu ya nini kifanyike pakiwa na shaka ni ya masheikh wenu, siyo ya safu hii.

Ngojeni masika yaishe na ardhi ikauke, nyasi zikatwe hadi chini, na mawe yaliyolala juu juu yaachwe mahali pake mpaka yapimwe na kuchorwa, kwa kuwa huenda baadhi yake ni mashahidi yaliyoanguka. Na kama kuna kaburi hata moja la zamani ambalo wazee wanalijua kwa hakika lilipo, mistari ya kwanza ipitishwe juu ya hilo, ili fundi aone jinsi kaburi linavyoonekana katika ardhi yenu kabla hajaanza kuyatafuta mengine.